Joto Lililobaki Kwenye Hewa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Bhoke,

Mwandiko huu unaujua. Ni wa Robi, mke wa mjomba wako Mwita. Mimi nasema, yeye anaandika. Usishtuke. Ndiyo, ni Robi yuleyule niliyemwita muuaji mbele ya kaburi la mama yako. Sasa tumekaa naye kwenye mkeka mmoja, yeye na kalamu, mimi na mdomo wangu. Wewe umekwenda Tarime mjini kununua sabuni na madaftari, jua bado liko juu, kwa hiyo tuna nafasi. Akimaliza ataikunja barua aiweke kwenye tranka lako, chini ya sare. Utaiona ukishafika shuleni. Ningekungoja nikakuambia kwa mdomo, lakini unanijua na mimi nakujua. Tungegombana, halafu kesho ungepanda gari umenuna, na mimi ningebaki hapa nimenuna, na hakuna ambaye angekuwa amesikia kitu.

Mambo ya kula vizuri na kujihadhari na wavulana sikuambii. Wavulana wenyewe wanakuogopa, nimewaona. Na blanketi umelifunga mwenyewe. Mimi nataka kusema la mama yako na la Robi, basi.

Nilipokwenda kwake leo alikuwa anapepeta ulezi. Aliniamkia, "Shikamoo, mama," bila kuacha ungo, kama unavyomwamkia mtu anayepita njia.

"Nataka uniandikie barua ya Bhoke," nikamwambia.

"Watoto wa shule wamejaa kijiji kizima, mama."

"Nakutaka wewe."

"Mimi? Ili niweke sumu kwenye karatasi?"

Lilinifika. Nikamwambia, "Robi, chukua kalamu, acha kunichelewesha." Akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, lakini aliweka ungo chini akaja. Sasa hivi anasema hilo lisiandikwe. Nimemwambia aandike.

Nitasimulia tangu mwanzo, kwa sababu ulikuwa shuleni na ulisikia vipande, kila mtu na kipande chake.

Mama yako, Ghati mwanangu, alikuwa na malaria. Unajua baridi yetu ya Nyarero mvua ikinyesha, na ukiongeza homa juu yake, meno yanagongana. Alilala chumba kidogo cha nyumba mpya, kile chenye dirisha la kioo, ambacho Mwita alikipiga plasta na dari mpaka nikamwambia anajenga benki. Jioni Robi alileta uji wa ulezi. Ghati aliunywa wote, akarudisha bakuli, akasema umeiva vizuri. Mimi nilikuwepo. Halafu akasema bado anatetemeka, akaenda jikoni, akachukua jiko la mkaa likiwa na moto, akaingia nalo chumbani akafunga mlango. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemkataza. Nani angemkataza? Sisi wote tumezaliwa na moto ndani ya nyumba. Mimi nimelala miguu yangu ikitazama mafiga tangu nikiwa mtoto. Moto ndani ya nyumba ni kama mzee mwingine wa nyumba, hauulizwi.

Asubuhi nilisukuma mlango. Nilidhani amepona. Bhoke, hili sikukuambia kwa sababu sikujua namna ya kulisema. Midomo yake ilikuwa na wekundu mzuri, viganja vilevile, kama mtu aliyelala ameshiba. Nikasema, "Amka basi, mvivu, jua limetoka." Nikamgusa.

Kuanzia hapo mimi ni kama mguu uliolala. Unajua mguu uko pale, unauona, ukiufinya husikii. Watu walikuja wakalia, wakanishika, nikawaandalia chai. Mama mmoja akasema pembeni, "Bibi huyu ana moyo mgumu." Sina moyo mgumu. Sina kitu. Nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu.

Basi wakaanza kuuliza alikula nini mwisho. Uji. Uji wa nani? Wa Robi. Na mtu mwenye homa ya kawaida hafi akiwa na rangi nzuri vile, wakasema. Hapo ndipo habari ya ng'ombe ikaingia. Wewe umesoma mambo mengine na hili unaweza kulisahau: Robi aliolewa kwa ng'ombe wa mama yako. Ng'ombe waliokuja hapa Ghati alipoolewa kule Kenyamonta ndio Mwita aliowapeleka kwa kina Robi. Kwa hiyo Ghati alipomkimbia baba yako akarudi nyumbani na wewe mgongoni, watu wa Kenyamonta walidai ng'ombe wao warudi, na wakirudi kweli, ndoa ya Robi inasimama juu ya nini? Miaka yote hii imekuwa ni maneno tu, wanakuja, wanakunywa, wanadai, wanaondoka. Lakini mtu akitaka sababu, sababu hiyo hapo, imenona. Ghati akifa, nani atadai tena? Ndivyo walivyosema. Na mimi nililichukua hilo neno kama mtu mwenye njaa anavyochukua kiazi cha moto. Nilisimama kaburini nikamnyooshea Robi kidole. Ulikuwepo. Ulinishika mkono na nikaupiga mkono wako.

Wazee wakapanga ritongo. Jumamosi ukoo wote utakaa kumsikiliza Robi, na wakiona ana hatia atarudishwa kwao, watoto watabaki. Neno lililomleta mbele yao ni langu. Nisipoliondoa mimi, hakuna wa kuliondoa.

Sasa nije kwenye ile siku yako ya uwanjani.

Likizo ile ya mwisho mama yako akiwa hai ulirudi na karatasi ya mtihani wa kemia umeikunja ndogo kama hirizi. Ulilia kwa ajili ya hesabu za joto. Ulisema unajua kila kitu ila alama zinakugeuka, mahali pa kuweka hasi unaweka chanya, na jibu zima linapinduka. Mimi nikauliza hasi ni nini. Ukasema, "Bibi, kitu kikitoa joto kikalipeleka nje, tunaandika hasi, kwa sababu chenyewe kimepungukiwa." Mama yako akasema, "Basi mimi ni hasi tangu nikuzae." Tulicheka mpaka Mwita akaja kuuliza kuna nini. Nakumbuka kicheko hicho kilivyokuwa, lakini nakikumbuka kama habari ya watu wengine.

Halafu baada ya msiba ukazungukazunguka kile chumba. Ukapima kwa hatua. Ukaniuliza, "Bibi, jiko liliingia na mkaa kiasi gani?" Nikasema jiko limejaa. Ukauliza asubuhi lilikuwa na majivu au na mkaa. Nikasema mkaa mwingi ulikuwa umebaki mweusi, umezimika wenyewe. Ukakaa chini pale pale, kwenye vumbi, ukachukua kijiti.

Yale uliyoyachora sikuyaelewa yote, na Robi aliyesoma mpaka kidato cha pili anasema hata yeye hangeyaelewa. Lakini nilisimama nikasikiliza, kwa sababu sauti yako ilikuwa imebadilika. Nitayarudia uone kama nilishika.

Ulisema mkaa ukipata hewa ya kutosha unaungua mpaka mwisho na kutoa joto lake lote, ukaandika mia tatu tisini na nne na hasi yake mbele. Ukasema ukikosa hewa unaungua nusu njia, unatoa hewa nyingine, ile yenye jina refu, Robi anasema ni kaboni monoksaidi. Nikakuuliza hiyo nusu njia inatoa joto kiasi gani. Ukasema hilo ndilo swali ulilolikosa kwenye mtihani, kwa sababu halipimiki moja kwa moja. Ukiuunguza mkaa nusu njia, sehemu yake inakimbilia mwisho, haisubiri. Kwa hiyo mnazunguka. Mnachukua njia nzima, mnachukua na kipande cha pili peke yake, yaani ile hewa ikichomwa yenyewe, mia mbili themanini na tatu, mnatoa, kinachobaki ndicho cha kipande cha kwanza. Ulitoa. Ilibaki mia moja na kumi na moja. Hasi. Safari hii alama hazikukugeuka.

"Robo tu na kidogo," ukasema. "Bibi, umeona? Alitafuta joto, na mkaa ulikuwa unampa robo tu."

"Na lililobaki limekwenda wapi?" nikauliza. "Limeibiwa?"

"Halijaibiwa. Limebaki kwenye hewa. Ule moto wa bluu unaouona juu ya mkaa jiko likiwa nje, ndiyo hewa hiyohiyo inaungua, inatoa lililobaki. Ndani ya chumba haikuungua. Ilikaa tu."

"Ilikaa wapi?"

Ukaanza hesabu nyingine, ya kipande cha mkaa kidogo kuliko yai la kuku. Ukasema kipande hicho kikiungua vibaya kinatoa hewa ya kujaza ndoo ya maji na zaidi. Nikakuambia ndoo moja katika chumba kizima ni nini, ni kama kutema mate ziwani. Ukasema, "Bibi, hiyo ndoo moja inatosha kuua mtu aliyelala. Na jiko lilikuwa limejaa. Na haina harufu. Na ndiyo inayoacha midomo myekundu." Nilikuwa sijakuambia habari ya midomo. Ulitazama uso wangu, ukajua kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Mzee wa jirani aliyekuwa amesimama pale na fimbo yake, mwenye maneno yake ya kila siku, akasema, "Binti, jiko lina miguu mitatu, halina mikono. Sisi tumelala na moto tangu tuzaliwe, mbona tuko hapa tunakupotezea muda?"

Wewe ukamnyooshea mkono ile nyumba yangu ya zamani ya nyasi. "Babu, usiku ukilala kwenye nyumba kama ile unaona nyota?"

"Naziona. Mvua nayo inaniona."

"Basi hewa ilikuwa inatokea hapo." Ukamwonyesha dari ya Mwita. "Hapa utaona nini?"

Akaondoka. Alisema shule inaharibu watoto, lakini alisema akiwa anakwenda.

Na mimi, badala ya kukukumbatia, nilikasirika. Nilifuta mchoro wako kwa mguu. Unakumbuka nilivyosema: "Kwa hiyo hakuna aliyemuua?" Ukasema hakuna. Nikasema, "Basi nenda nayo huko shuleni, hayo maneno yako." Hapo na wewe ukasema lako, kwamba nisipoyaondoa yale niliyosema juu ya Robi, likizo hutarudi hapa, utakwenda Busawe kwa shangazi yako, na nisikutafute.

Sasa nikuambie nilikasirika kwa nini, maana ulidhani sikuamini. Niliamini. Niliamini kabla hujamaliza kuandika hasi ya mwisho. Lakini nilikuwa nimempata mtu wa kumchukia, Bhoke. Mahali pote kwangu palikuwa pamekufa ganzi, isipokuwa hapo. Nikimwona Robi anapita na ndoo, hapo nilisikia kitu. Kilikuwa kibaya lakini kilikuwa ni kitu. Ukaja na kijiti chako ukanichukulia. Nimchukie nani sasa? Jiko? Plasta ya Mwita? Dirisha la kioo? Huwezi kulipigia dirisha kelele kaburini. Kifo kisicho na mwenyewe ni kizito kuliko chenye mwenyewe, na mimi nilikuwa nimechoka, nikamtwisha aliyekuwa karibu.

Robi ameinamisha kichwa. Kalamu inakwenda polepole. Nimemuuliza kama amechoka, anasema wino unaisha. Wino hauishi.

Nimekosea mengi maishani. Nilimuoza mama yako mapema kwa sababu na mimi niliozwa mapema na sikuona kilichoharibika. Alipokimbia akarudi nilimwambia arudi kwa mume, mara ya kwanza. Mara ya pili niliona alama shingoni mwake, sikumrudisha. Haya yote nimekwishamwambia mwenyewe akiwa hai, alikuwa na mdomo, alinijibu. Sina deni naye la maneno. Kilichonishinda ni hiki cha Robi, kwa sababu huyu hakunijibu. Alikaa ndani kwake akapika, akalea, akaniamkia shikamoo kila asubuhi tangu siku ile ya kaburini, na mimi nikapita kama simwoni. Mtu akikosewa akanyamaza, anakuacha peke yako na ulichosema, na ni mahali pabaya pa kuachwa.

Leo kabla hatujaanza kuandika nilimwambia, "Nina njaa. Kuna uji?"

Akaniangalia. "Upo wa asubuhi."

"Lete."

"Mama, unataka watu waseme nini?"

"Lete uji, Robi. Kama utaniua, ua, nimezeeka, hutapata kesi kubwa."

Akaleta. Nilikaa nje ya mlango wake, njiani kabisa, ambapo wanawake wanaotoka kisimani wanapita. Nikanywa. Walipita, wakaniamkia, wakaangalia bakuli, wakaendelea, na nyuma yangu nikasikia maneno yakianza kama nyuki. Sikusikia ladha. Siku hizi sisikii ladha ya chochote, usidhani ni uji wake. Nilimaliza nikamrudishia bakuli, na hakuna kilichofunguka kifuani. Nilikuwa nimetegemea labda nitalia. Sikulia. Nakuambia ili usije ukadhani mtu akifanya la haki anapata raha papo hapo. Nimekaa tu, tumbo limejaa.

Juzi usiku nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba ukifika utaomba kuhama masomo, uache kemia, kwa sababu kila ukifungua ule ukurasa unaona chumba kile. Sikuwa nasikiliza kwa wizi, unaongea kwa sauti kama mwuza samaki. Fanya unavyoona. Mimi sijui ukurasa, sijui wino wala namba. Lakini nataka ujue ulichofanya hapa. Wewe ndiye mtu peke yake aliyeniambia mama yako alikufaje. Wengine waliniambia aliuawa na nani. Wewe uliingia mle chumbani na hatua zako, ukapima, ukatoa, ukabakiza, na ulipomaliza mama yako hakuwa tena mtu aliyewekewa sumu na ndugu zake. Alikuwa mtu aliyesikia baridi, akachukua jiko. Alikunywa uji mzuri, akausifu, akalala. Hilo naweza kukaa nalo. Si leo, lakini naweza.

Na kitu kingine. Mwita ametoboa ukuta wa kile chumba juu, chini ya dari, matundu mawili makubwa. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Jana amekwenda kwa jirani mwenye nyumba kama yake, amerudi na vumbi la saruji kichwani. Hilo ni somo lako linatembea huko nje bila wewe. Ukitaka kuliacha, liache, lakini usiniambie halina kazi.

Robi ameuliza sasa hivi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, "Mama, Jumamosi utasema nini?"

Nimemwambia, "Andika kwanza, halafu nitakujibu kwenye karatasi, Bhoke naye asikie."

Sitabeba zile namba zako. Ningezichanganya, ningeweka hasi mahali pa chanya, na yule mzee wa fimbo angecheka mpaka kikao kiishe. Nitasimama kabla hawajamwita yeye. Nitasema: uji ule niliuona ukiletwa, nikauona ukinywewa, na mimi nimekunywa uji wa mikono ileile. Nitasema: mwanangu ameuawa na moto uliokosa hewa, ndani ya nyumba nzuri. Nitasema: neno nililosema kaburini lilikuwa la uongo, nililisema mimi, na asiyetaka kuliacha aniletee mimi. Na ng'ombe wa Kenyamonta wakija kudaiwa, wadaiwe kwangu na Mwita. Robi haondoki hapa.

Robi ameweka kalamu chini. Amefunika uso kwa khanga. Nimemwacha kidogo, halafu nimemwambia aichukue aandike na hili la mwisho, alilolikataa tangu mwanzo kwa sababu anasema mkubwa hamwandikii mdogo hivyo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Ameandika:

Robi, nilikukosea.

Mimi bibi yako,
Nyangi, wa Nyarero